Jina Lililofunikwa

Watu wa rika langu waliosoma Rwanda kabla ya mwaka 1994 wanaikumbuka siku ambayo mwalimu aliingia darasani na kuwaambia wanafunzi wasimame kwa makabila. Wahutu wasimame. Wakae. Watutsi wasimame. Wakae. Watwa wasimame. Mwalimu akahesabu, akaandika, somo likaendelea. Hesabu ile haikuwa ya bure. Iliingia kwenye faili, na faili ndilo lililoamua mtoto atafika wapi. Mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi akiwa wa kwanza darasani, lakini nafasi ya sekondari ikagawanywa kwa kutazama kabila lake na mkoa alikotoka, kwa sera iliyoitwa iringaniza. Orodha ya waliochaguliwa ilitoka. Aliyekosa jina lake humo alirudi shambani, na hakuwa na pa kuulizia kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ninaishi Batsinda, upande wa juu wa Kagugu, katika Sekta ya Kinyinya, jijini Kigali. Kila unapokaribia mtihani wa serikali nasikia watu wakizungumzia ugumu wa maswali, shule za bweni, na nani atakuwa wa kwanza wilayani. Mimi mawazo yangu huenda kwenye sehemu ndogo ya karatasi ya majibu, ile ya juu kabisa, ambapo mtahiniwa anaandika jina na namba yake. Sehemu hiyo hufunikwa kabla karatasi haijafika mikononi mwa msahihishaji. Ndiyo maana mtahiniwa akiomba karatasi ya ziada huonywa asiandike jina lake humo hata kidogo. Kwa nchi iliyopita tulikopita sisi, naona kifuniko kile ni kitu kikubwa kuliko mashairi yote tuliyoandika kuhusu umoja.

Ajabu ni kwamba jina hilohilo, miezi michache kabla, hutunzwa kama yai. Wakati wa usajili shule hubandika orodha ukutani, na wazazi huitwa waje kuhakiki. Hapa kwetu utawakuta asubuhi, mama amebeba mtoto mgongoni na kitambulisho mkononi, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Herufi moja ikikosewa, au tarehe ya kuzaliwa ikipishana na ile ya kwenye daftari la serikali, cheti kitatoka na mwenyewe hatatambulika. Nimemwona baba mmoja, fundi ujenzi, mikono bado ina saruji, akimsomea mwalimu jina la bintiye herufi moja moja, kwa sauti, kisha akaomba kuonyeshwa tena baada ya kusahihishwa. Hakuna aliyemharakisha.

Kazi hiyo yote inasimamiwa na NESA, mamlaka ya mitihani ya taifa na ukaguzi wa shule, iliyoanzishwa mwaka 2020. Kabla yake mitihani ilikuwa chini ya Bodi ya Elimu ya Rwanda tangu mwaka 2011, na kabla ya hapo kulikuwa na Baraza la Taifa la Mitihani, lililozaliwa katika miaka ile ya kujenga upya baada ya mauaji ya kimbari. Ofisi zimebadilika majina, lakini ngazi za mtihani ni zilezile tatu: darasa la sita, kidato cha tatu na kidato cha sita. Darasa la sita pekee sasa ni watoto zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Wanafanya hisabati, Kiingereza, Kinyarwanda, sayansi na maarifa ya jamii, nchi nzima, saa ileile, karatasi ileile. Wasioona huletewa karatasi za nukta nundu na kuongezewa muda.

Karatasi hizo hulindwa na polisi. Asubuhi ya mtihani zinafika kituoni zikiwa ndani ya bahasha zilizofungwa, na wasimamizi hutoka shule nyingine, ili mwalimu asiwasimamie watoto aliowafundisha mwenyewe. Msimamizi huinua bahasha mbele ya watahiniwa, akaigeuza huku na huku waione haijaguswa, ndipo akaifungua. Ni tendo la sekunde chache. Nawaomba wenzangu wasiliharakishe. Mtoto wa miaka kumi na miwili amekuja na kalamu zake mbili za bluu, ameshindwa kula uji nyumbani kwa wasiwasi, na mtu mzima asiyemfahamu anamwonyesha kwamba hakuna aliyetangulizwa mbele yake. Wako watu waliofika uzeeni bila kuonyeshwa hivyo na mamlaka yoyote.

Kenya walijifunza kwa uchungu bahasha ikifunguliwa mapema hutokea nini. Mwaka 2015 mitihani ilivuja, matokeo ya maelfu ya watahiniwa yakafutwa, na mapema mwaka 2016 bodi ya KNEC, baraza la mitihani la huko, ikavunjwa. Marehemu Profesa George Magoha aliletwa kuwa mwenyekiti, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, na ulinzi ukakazwa hadi mwalimu mkuu akawa ndiye anayekwenda kuchukua karatasi mwenyewe. Mwaka 2015 waliopata A ya jumla katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata walikuwa 141. Wengi waliliona anguko hilo kama aibu ya wale wa 2016. Mimi nawahurumia zaidi waliopata A zao kwa jasho mwaka ule wa uvujaji, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kuwatenganisha na walionunua. Wizi wa mtihani unamwibia kwanza yule aliyesoma.

Sasa niseme habari ya kusahihisha, maana huko ndiko nilikofundishwa mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha.

Walimu hukusanywa katika shule za bweni wakati wanafunzi wako likizo. Tunalala mabwenini, tunakula pamoja, na madarasa yanageuzwa vyumba vya kazi, kila chumba somo lake. Mgeni angedhani tukifika tunachukua kalamu nyekundu na kuanza. Sivyo. Kwanza tunakaa na mwongozo wa usahihishaji na kubishana. Tuseme swali linamtaka mtahiniwa akamilishe methali, na aeleze maana yake. Haba na haba. Mmoja ameandika "hujaza ndoo". Mwenzangu mmoja anasema mpeni alama, kijana ameelewa, na huku kwetu nani anakijua kibaba? Mwingine anasema methali haibadilishwi, ukibadilisha neno umetunga yako. Hoja zinapanda, chai inapoa. Mwishowe tunakubaliana: alama ya kukamilisha hapati, alama za maana anapata zote. Inaandikwa. Kuanzia hapo kila "ndoo" nchini itapewa hukumu hiyohiyo, iwe imeandikwa kwa hati ya kupendeza ama kwa mwandiko unaokimbia nje ya mstari. Kiongozi wa meza hupitia baadhi ya karatasi tulizokwisha kusahihisha, na akikuta umeipendelea moja, anairudisha mbele yako bila maneno mengi.

Utaratibu huo umenifuata hadi nyumbani. Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sisi wakazi huwa tunakaa kwenye mkutano wa kijiji. Kuna wakati tunahitaji kuamua ni familia zipi zichangiwe bima ya afya. Zamani mazungumzo yalianza kwa majina: fulani anastahili, fulani ana shamba kwao, fulani mumewe mlevi. Jina likishatajwa, mjadala umekwisha, kilichobaki ni mapenzi na visasi. Niliomba tuanze upande mwingine, tukubaliane kwanza ni hali gani inayomfanya mtu astahili, tuiandike, ndipo majina yaje. Inachukua muda mrefu, na wako wanaochoka. Lakini sijamsikia mama aliyekosa akisema alinyimwa kwa kuwa hapendwi.

Na kipimo kikishakubaliwa kisichezewe njiani. Watanzania wanaikumbuka kadhia ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikapigwa na butwaa, tume ikaundwa, na Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, kwa sababu utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa. Fikiria kijana aliyekaa miezi mitatu kijijini akijiita sifuri, kisha anaambiwa hesabu ilikuwa nyingine. Alama zinaweza kurekebishwa ofisini. Ile miezi mitatu hakuna wa kuirekebisha.

Jirani yangu, mzee aliyekulia ukimbizini Uganda, ana cheti cha kidato cha nne cha miaka ya 1970 ambacho amekihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati ya nyumba. Si cha Uganda, si cha Rwanda. Kilitolewa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, chombo kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuweka makao yake Kampala, ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania waache polepole kutegemea mitihani ya Cambridge. Baraza lile halikudumu. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda Baraza lake la Mitihani mwaka 1973, kwa kuwa ilitaka mtihani unaofuata siasa yake ya Elimu ya Kujitegemea. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya na Uganda nazo zikawa kila moja na baraza lake. Siwalaumu. Mtihani hauna budi kufuata kinachofundishwa, na kila nchi ilikuwa na haki ya kuamua ifundishe nini. Hata leo, Jumuiya ikiwa imefufuka na Rwanda ikiwa ndani yake tangu 2007, kila nchi ina mtihani wake.

Lakini mzee haangalii siasa za baraza anapokitoa cheti kile. "Mwalimu," aliniambia siku moja tumekaa barazani kwake, "kule shuleni kila mtu alijua mimi ni mkimbizi. Kwa sauti walijua, kwa viatu walijua. Aliyesahihisha karatasi yangu tu ndiye hakujua."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Sisi binadamu tunatamani kujulikana. Tunafurahi karani akitukumbuka, tunatafuta wa kwetu katika kila ofisi, na asiye na wa kwao tunamwonea huruma. Ila kuna milango ambayo haki yake ni kutokukujua. Mkimbizi anaihitaji, mtoto wa mjane anaihitaji, na mtoto wa mkubwa naye anaihitaji, ili siku moja aamini kwamba alichopata ni chake. Nimeacha kuona fahari kuwa na mtu ndani.

Upande wa pili nao nausema kwa nguvu ileile. Msahihishaji hajui, na hapaswi kujua, kwamba mtahiniwa huyu huamka alfajiri kuteka maji. Batsinda hii tunayoishi ina nyumba nyingi zilizojengwa mwaka 2008 kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu, katikati ya jiji, mahali wazazi walikuwa wanatembea kwenda kwenye vibarua vyao. Walipoletwa huku kibarua kilibaki kule. Watoto waliolelewa na mama anayeondoka gizani na kurudi gizani walikaa kwenye mtihani uleule na watoto wenye mwalimu wa ziada sebuleni. Namba haikusema lolote kuhusu hilo. Kwa hiyo matokeo yakitoka na jina likarudishwa kwa mwenyewe, kazi ya kumjua inarudi kwetu sisi tunaomjua: mzazi, mwalimu, jirani. Nachukia kusikia mtoto akiitwa kwa alama zake uani, "yule wa alama ndogo", kana kwamba tumesahau kwamba sisi tulikuwepo na msahihishaji hakuwepo. Huko Goma na Bukavu, nchini Kongo, aliyefaulu mtihani wa serikali humwagiwa poda nyeupe kichwani na mtaa mzima unashangilia, nami naipenda furaha hiyo. Ila namtafuta pia kwa macho yule aliyesimama pembeni bila poda, maana usiku ule ndio anaohitaji kuitwa kwa jina.

Na kuna jambo moja la kufanya kwa mikono. Asiyeridhika na matokeo ana haki ya kukata rufaa, na aliyepangiwa shule ya mbali anaweza kuomba abadilishiwe. Muda wake ni mfupi, na wazazi wengi hapa hawalijui hilo au wanaogopa kuonekana wakorofi. Matokeo yakitangazwa nakaa na simu yangu kwenye benchi la nje, na wanaotaka wanakuja na namba za watoto wao. Tunasoma pamoja somo kwa somo. Mara nyingi hakuna cha kulalamikia, mama anauliza maswali yake, anaridhika, anakwenda. Mara chache ombi linaandikwa. Mwaka jana mama mmoja muuza nyanya alisita, akaniuliza kama wakubwa hawatamchukia mwanawe. Nikamwambia aandike. Akaniuliza aanzie wapi, nikamwambia aanze na namba.