Sehemu ya 14: Behewa la moto na betri iliyopotea

Wiki iliyopita niliahidi tutaongea kuhusu homa za usiku. Naomba mnisamehe, homa itasubiri. Leo naongelea treni. Ndiyo, treni ya kuchezea. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Wale wapya, mimi ni nesi, naishi Hamburg, nina wawili: kijana wa miaka 6 na kabinti ka miezi 14. Ghorofa ya chini yetu anakaa mzee mmoja, mjane, fundi umeme mstaafu. Wanangu wanamwita Babu wa Treni. Mimi ananiita Schwester, yaani sista, vilevile kama wagonjwa wa nyumbani wanavyotuita wodini.

Huyu mzee chumba chake kizima ni reli. Treni za Märklin, saizi ya H0, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana kati ya reli ni milimita 16.5 tu. Kuna vilima, stesheni, hata mama wa plastiki kabeba mtoto pembeni ya reli. Kijana wangu alirogwa siku ya kwanza. Na kwa kuwa tulishampeleka Miniatur Wunderland hapa mjini, akaona magari madogo ya zimamoto yakikimbilia jengo linalowaka, basi akawa na ombi moja tu kwa babu: "Nataka treni yetu nayo iungue."

Babu akatengeneza. Alichukua behewa la mizigo, akatoboa madirisha, ndani akaweka ile mishumaa ya umeme ya plastiki inayocheza cheza kama moto wa kweli. Jamani, lilipendeza! Ukizima taa ya chumba unaona behewa linawaka linapita mlimani. Akampa kijana alichukue, alale nalo.

Mimi nesi niliona. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia na vikopa. Sikufikiria hata sekunde moja kwamba mshumaa ule ndani yake una betri ya CR2032, duara, bapa, upana milimita 20. Wodini ningemfokea mtu kwa hilo. Nyumbani kwangu niliona moto mzuri tu.

Siku ya nne natoka zamu ya usiku, baba watoto ananiambia mdogo hajala asubuhi, anatoa udenda sana, "nadhani ni meno." Nikaona behewa chini ya meza, paa limefunguka. Mshumaa upo. Kifuniko hakipo. Betri haipo.

Sijui niwaelezeeje. Mtu unaijua kazi yako, miguu inaisha nguvu hivyo hivyo. Nilimuuliza kijana, "Betri iko wapi?" Akaniangalia, akanyamaza. Akaanza kulia. Nikajua hapa siulizi tena. Tukapiga 112.

Sasa naomba usome hapa polepole, hata kama huna treni na hutakuja kuwa nayo.

Betri bapa ikikwama kwenye umio wa mtoto, haihitaji kupasuka ili iunguze. Inagusa nyama iliyolowana mate pande zote mbili, umeme unapita, na upande wa hasi unatengenezwa magadi makali yanayochoma nyama. Ndani ya saa 2 jeraha kubwa linaweza kuwa limeshaanza. Hata betri uliyoitoa kwenye rimoti ukasema "imekufa" bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Na mtoto huwa haonyeshi kitu cha ajabu: udenda, kukataa chakula, kukohoa, kutapika, kushika kifua, kupumua kwa sauti. Ndiyo maana watu wanasema ni mafua, ni meno.

Ukihisi tu kwamba amemeza, fanya hivi:

Usimtapishe. Usimpe uji, maziwa wala maji.

Nenda moja kwa moja hospitali yenye eksirei. Usianzie zahanati isiyo nayo, utapoteza zile saa mbili. Mapokezini usipange foleni, sema wazi: "Mtoto wangu huenda amemeza betri." Kwenye picha sarafu huonekana duara moja, betri huonekana kama duara ndani ya duara.

Asali inasaidia kulainisha na kupunguza kuungua, lakini ina masharti: mtoto awe ametimiza mwaka 1, awe anaweza kumeza, na isiwe imepita zaidi ya saa 12 tangu ameze. Vijiko 2 vya chai, ml 10, kila dakika 10, visizidi mara 6. Ni huku mnasubiri gari au mko njiani. Usichelewe kuondoka eti unatafuta asali kwa jirani.

Kama imeingia puani au sikioni, nako ni dharura hiyo hiyo.

Eksirei ya binti yangu ilikuwa safi. Kifua, tumbo, hakuna kitu. Kweli yalikuwa meno! Nilikaa kwenye kiti cha korido nikalia kama mtoto, na nguo zangu za kazi bado mwilini.

Betri ilikuwa kwenye mfuko wa koti la kijana. Jioni ndiyo akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa. Kiswichi cha mshumaa kilikuwa kimevunjika, behewa likawa linaungua usiku na mchana. "Mama, nilitoa betri ili moto usiishe." Alikuwa anauhifadhi moto. Alinyamaza kwa sababu aliona uso wangu, akadhani amemuua mdogo wake.

Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko pote. Tukiuliza kwa kishindo, mtoto hufunga mdomo, na jibu lake ndilo daktari analihitaji. Siku nyingine nitapiga magoti kwanza, nishike mkono, ndipo niulize.

Babu aliposikia, alishuka akaanza kung'oa reli. Kweli, nilimkuta na bisibisi. Anasema, "Sista, mzee kama mimi hapaswi kuwa na watoto karibu." Mama zangu, yule mzee tangu mkewe afariki, wanaogonga mlango wake ni wanangu na mleta barua. Nikamwambia usiing'oe. Ing'oe betri.

Basi Jumamosi tatu mfululizo nimekuwa mwanafunzi wa treni. Nawaeleza kwa kifupi, maana kuna mama aliniuliza kama behewa linaweza kuwaka bila betri. Linaweza. Umeme upo tayari kwenye reli, kama volti 18 hadi 20. Chini ya behewa tulifunga kiulimi cha chuma kinachoburuza juu ya vidoti vya katikati ya reli. Hicho ndicho kinachochukua umeme, na magurudumu yanaurudisha. Halafu ndani inawekwa dekoda, kipande kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, kinachopokea amri kutoka kwenye rimoti kubwa ya babu. Dekoda ya kichwa cha treni huendesha mota, hii yetu inawasha taa tu. Tukaunga taa mbili za LED, ya njano na nyekundu, kila moja na rezista yake, maana volti zile zote zikiingia moja kwa moja taa inakufa papo hapo. Pia kuna kapasita, inashika umeme kidogo ili moto usikatike behewa likipita kwenye reli chafu.

Kuunga waya kwa risasi, ile kazi ya mafundi redio, alifanya babu mwenyewe, dirisha wazi, watoto wako juu kwangu. Ule moshi si wa kuvutwa, na risasi haikai mikononi mwa mtoto. Tukimaliza tunanawa.

Jaribio la kwanza kijana akabonyeza kitufe cha moto. Moto ukawaka, na kichwa cha treni nacho kikapiga honi, pooo! Tukaruka wote. Kumbe dekoda nyingi zinatoka dukani zimepewa anwani namba 3, na kichwa chetu nacho kilikuwa namba 3 hiyo hiyo. Kama wagonjwa wawili wa jina moja wodini, ukiita wanaitika wote. Tukatoa kila kitu relini, tukabaki na behewa peke yake, babu akabadilisha kigezo namba 1, ambacho ndicho cha anwani, akaliandika 14. Miezi ya mdogo. Sasa kitufe cha kwanza ni moto, cha pili ni taa ya bluu ya zimamoto kwenye behewa la nyuma. Hilo la nyuma halina kiulimi chake, linapata umeme kwa waya kutoka la mbele, kwa sababu kila kiulimi kinakwamisha mwendo na kichwa chetu ni kidogo.

Na muhimu kuliko yote: moto unazimika. Mtoto akitaka kuuhifadhi, anabonyeza. Hafungui kitu.

Kitu kimoja kilibaki, chupa ndogo ya maji ya moshi, ile inayowekwa kwenye bomba la treni ili litoe moshi. Nyingi ni za jamii ya mafuta ya taa. Mama zangu wa nyumbani nyie mnaijua hadithi ya mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Hatari yake ni kuingia kwenye mapafu, ndiyo maana nayo hatutapishi kamwe. Chupa ya babu sasa iko kabatini juu, na funguo.

Sasa kazi ya leo, kabla hujalala. Zunguka nyumba yako na bisibisi mkononi. Rimoti. Mzani wa bafuni. Kadi ya bethidei inayoimba. Viatu vya mtoto vinavyowaka. Tochi ndogo ya funguo. Mishumaa ya umeme. Tasbihi ya kuhesabia ile ya kubonyeza, iliyo kwenye mkoba wa bibi. Kama kifuniko kinafunguka kwa kucha bila skrubu, kifunge kwa gundi ya karatasi imara au kitoe mbele ya mtoto. Betri iliyoisha izungushie gundi hiyo pande zote mbili, usiiache kwenye droo.

Halafu niambie hapa chini umekuta ngapi. Mimi kwangu nilikuta 9, na mimi ni nesi.

Jumapili ijayo homa za usiku, kweli kabisa. Sasa hivi nashuka kwa babu. Kuna behewa linaungua, na zimamoto ni kijana wangu.