Bwati ya vitesi iliyokufa Ngomo

Wengi mmetuuliza sokoni na kwenye mikutano ya kartie kwa nini gari la chama halijaonekana majuma matatu, na kwa nini ndagala mlizoagiza Uvira zilifika nusunusu, zingine kwa kamio, zingine kichwani. Tunawaeleza yote hapa pamoja na hesabu, kwa sababu gari ni la wote na pesa zilizotoka ni za wote.

Kwanza njia yenyewe, kwa wale ambao hawajaipita. Kutoka Bukavu mpaka Uvira ni zaidi ya kilomita 120. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770. Hizo mita karibu 700, mto Ruzizi unaziteremka kwa kelele, na maji yake yanageuza mashine zinazotupa umeme, siku tunapoupata. Sisi tunaziteremka kwa Ngomo. Ukishapita Nyangezi, mlima unakatika ghafla, barabara inashikilia ukingo kama mbuzi, na chini kabisa unaona tambarare ya Ruzizi imetandikwa kama mkeka. Wakati wa mvua ni matope, wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye maziwa ya mtoto.

Wenye karatasi na mzigo mdogo hupita Rwanda: wanavuka daraja la Ruzizi, wanafika Kamembe, wanafuata lami mpaka Bugarama, halafu wanaingia tena Kongo pale Kamanyola. Ni rahisi kwa mgongo na kwa gari. Lakini mama mwenye magunia sita na bidoni nne za mawese, kuvuka mpaka mara mbili ni kufungua mizigo mara mbili na kujieleza mara mbili. Kwa hiyo wengi wetu bado tunapita Ngomo.

Kushuka kulikwenda vizuri. Dereva, ambaye ni mtoto wa mmoja wetu, aliteremka kwa kijiti kwenye L, polepole, injini ikishikilia gari ili freni zisipate joto. Tulikula mihogo Kamanyola, tukapita Luvungi, tukafika Sange. Sange hatupiti bila kunyamaza kidogo. Ni pale tarehe 2 mwezi wa saba 2010 lori la mafuta lilipinduka, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa, watoto wengi kati yao. Toka siku ile, lori la mafuta likisimama njiani, hata kama limesimama tu, sisi hatusogei. Baada ya Sange hewa inakuwa nzito na ya joto, wa Bukavu wanaanza kuvua pulova, na karibu na Kiliba mtu anasikia harufu ya ziwa kabla ya kuliona.

Uvira tulilala usiku mmoja. Tulinunua mchele wa tambarare, mawese, ndagala kavu, na samaki wa mukeke wabichi kwenye barafu kwa dola 180. Watoto wetu wa Bukavu wanaokula sambaza wajue kwamba hao sambaza ni ndagala wa Tanganyika waliochukuliwa na kutiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki nao walipanda safari hii. Wao walifika.

Kurudi, tulianza kupanda Ngomo saa tisa na nusu mchana. Tulikuwa wamama saba, dereva, na mzigo. Kwenye kona ya tatu mama aliyekaa mbele akasema bidoni ya mawese imepasuka, anasikia harufu ya mawese yaliyosahauliwa motoni. Noah yetu ni ya zile za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo tulifikiri mafuta yamemwagika juu ya injini. Tukasimama, tukakagua bidoni zote nne: nzima. Tulipotaka kuondoka, injini ikalia kwa nguvu zake zote na gari halikusogea hata shubiri. Halafu likaanza kurudi nyuma. Dereva akakanyaga freni, sisi tukaruka nje na kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu. Upande wa kulia ni ukuta wa mlima. Upande wa kushoto hatutaki kuueleza.

Gari hili halina pedali ya ambrayaji. Unaweka kijiti kwenye D, nalo linachagua vitesi lenyewe. Ndani ya bwati mna diski nyembamba nyingi, na mafuta mekundu yanayosukumwa na pampu ndiyo yanayozibana diski zishike. Mafuta hayohayo ndiyo yanayozipooza. Yakichoka, diski zinateleza. Zikiteleza zinapata joto, na joto linaunguza mafuta zaidi. Mlima mrefu wenye mzigo ndiyo mahali pa kumalizia kazi hiyo. Kwenye tambarare bwati mgonjwa anaweza kujificha miezi mingi.

Fundi wa Kamanyola alifika kwa pikipiki kabla ya giza. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, akatuonyesha. Badala ya wekundu tuliona weusi wa kahawa, na ndani vichembe vinavyong'aa. "Wamama zangu," akasema, "bwati imekufa. Lakini inaweza kufa zaidi." Maana yake tulielewa kesho yake. Gari la namna hii, injini ikizimwa, pampu ya bwati haisukumi mafuta. Ukilivuta hivyo magurudumu ya nyuma yakizunguka, yanazungusha vyuma ndani bila mafuta, na hata kile kilichobaki kinaharibika. Kwa hiyo alifungua kardani, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma. Na akatukumbusha jambo ambalo madereva wengi hawalijui: kardani ikishatolewa, hata ukiweka kijiti kwenye P gari halishiki. Ni mawe tu na freni ya mkono.

Usiku ule tuligawanyika. Wanne walishuka Kamanyola kwa taksi-moto na samaki wabichi, maana barafu ilikuwa imebaki maji. Waliuza mukeke usiku, kwa mwanga wa simu, kwa bei ya kuomba: dola 95 tu kwa samaki wa dola 180. Watatu walibaki mlimani. Mama mmoja wa nyumba za karibu aliwaita kwa Kimashi waingie, akawapa uji na mkeka, na asubuhi akakataa pesa, tukamwachia mchele. Dereva alilala garini na rungu. Mkutano uliofuata ulimpa asante rasmi, na mama yake alilia kidogo.

Asubuhi kamio iliyorudi Bukavu tupu ilikubali kutuvuta kwa dola 120. Aliomba 200. Injini yetu iliachwa ikiwaka njia yote, maana bila injini freni na usukani vinakuwa vizito kama jiwe. Tulifika saa kumi, weupe wa vumbi, na ndagala kavu zikafuata juma lote, gunia moja moja.

Sasa garaji. Fundi alifungua sahani ya chini ya bwati na kukuta masizi ya diski mazito kama matope ya chai. Alisema mafuta yale hayajabadilishwa kwa miaka. Aliyetuuzia gari alituambia kila kitu kimefanyiwa kazi. Tulipompigia simu alisema alimaanisha injini. Tukaacha.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kufungua bwati na kubadili diski zake. Piyesi lazima ziagizwe nje, na fundi mwenyewe, mtu mwaminifu, alisema ameshafungua bwati nyingi za namna hiyo lakini hawezi kuahidi kwamba itafunga vizuri. Ya pili, kutoa bwati hii kabisa na kuweka ya mkono, yenye ambrayaji. Wengi mjini wanafanya hivyo na wanasifu, kwa sababu kila fundi anaijua. Lakini inataka pedali, kardani ya urefu mwingine na vitu vingi vidogo vinavyokula pesa kimyakimya. Ya tatu, bwati ya okazi iliyotolewa kwenye gari jingine. Tulichagua hiyo.

Okazi ina macho yake. Mwuzaji wa kwanza alileta bwati akasema ni ya Noah, na kweli ilikuwa ya Noah, lakini Noah ya baadaye inayovutwa na magurudumu ya mbele. Isingeingia hata kwa maombi. Kwenye kibati cha chuma cha gari mna namba ya muundo na alama ya bwati. Mama katibu aliziandika kwenye daftari na tangu hapo hatukuzungumza na mtu asiyeanza na alama ile. Ya pili ilifanana. Tulinusa mafuta yake kama tunavyonusa mawese sokoni: mekundu, hayana harufu ya kuungua. Tulilipa nusu, nusu nyingine baada ya gari kupanda mlima wa Nyawera likiwa na wamama saba na mifuko ya simenti, na tuliandikiana garanti ya siku 14.

Hesabu ni hii. Kuvutwa, dola 120. Bwati, 480. Mafuta mapya lita sita, 48. Joenti na mipira ya kushikia bwati, 22. Mikono ya fundi, 90. Jumla dola 760. Hasara ya samaki, dola 85, wale saba wa safari wameibeba wenyewe.

Kesi ya gari ilikuwa na dola 265. Na hapa ndipo mkutano ulipokuwa mgumu, tusifiche. Mnajua mutualité yetu ina kesi zake: ya kijani ni akiba yetu tunayokopeshana, nyekundu ni ya msaada wa ugonjwa, uzazi na kifo, ya bluu ni ya pesa za kutoka nje, nayo kwetu bado ni tupu. Nyekundu ilikuwa na dola 410. Mama mmoja akauliza kwa nini tukope kwenye kijani na kulipa riba wakati 410 zimelala. Hoja yake haikuwa ya mchezo. Gari lisipotembea, wauza ndagala kumi na wawili hawana faida, na bila faida hakuna mchango, hata huo wa nyekundu.

Lakini kati yetu alikuwepo mwenzetu wa mwezi wa tisa, ambaye daktari alishamwambia huenda atapasuliwa. Kila mtu alimwangalia, halafu kila mtu akaangalia chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama na kusema, "Fungueni, mimi nitajifungua salama." Mama mweka hazina, ambaye haongei sana, alimjibu: "Mwanangu, wewe huna ruhusa ya kutoa hiyo." Na akakaa juu ya sanduku. Hatusemi mfano, alikaa juu yake.

Tulipiga kura. Wasifungue, 21. Wafungue, 6. Wawili walinyamaza. Tukachukua mkopo wa dola 350 kwenye kijani, kwa riba ileile ya kila mmoja, na kila mmoja wa sisi 29 akatoa dola 5, wengine kwa mara mbili, mmoja kwa mayai. Hizo ni 145, na 760 zikatimia. Wale sita walitoa tano zao kama wengine, na wawili kati yao ndio waliokwenda kumbembeleza mwuzaji apunguze bei ya bwati kutoka 550.

Mwenzetu alipasuliwa Jumanne iliyofuata. Ni msichana, kilo tatu na kidogo. Nyekundu ilitoa dola 160, na imebaki na 250.

Bwati imeshapanda Ngomo mara moja na kurudi. Kwa sasa tunapunguza gunia moja kila safari, na mafuta ya bwati tutayabadilisha kila mwaka kabla ya mvua za mwezi wa tisa, tarehe iko kwenye daftari la katibu. Kila nafasi ya safari imeongezwa franga 2000 ambazo zinaingia moja kwa moja kwenye kesi ya gari, mpaka mkopo wa kijani uishe. Safari inayokuja ni Jumatano. Wanaotaka ndagala walete ndoo zao, zikiwa na jina na kifuniko, kabla ya Jumatatu saa kumi. Mukeke wabichi hatuchukui oda bado.