Mwanga kwa Vitu Vidogo vya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Rutshuru mna kikopo ambacho watoto hawana ruhusa kukifungua. Ndani yake hukaa medali ya ubatizo, pete ya marehemu, rozari iliyokatika, pengine na sarafu za zamani. Sokoni havina bei. Walakini ndivyo vinavyopotea kwanza watu wanapokimbia vita, maana mtu hubeba mtoto, godoro na sufuria. Mwezi wa Oktoba 2022, M23 walipouteka mji wetu, jamaa nyingi ziliondoka mbio. Medali ya bibi yangu ilipotea siku zile. Haikupigwa picha hata mara moja, na hata leo wadogo zangu hubishana kama ilikuwa ya fedha au ya shaba.

Basi nimejizoeza kuvipiga picha vile vilivyobaki. Kamera si shida, telefoni ya kawaida yatosha. Shida ni mwanga. Wengi huwasha taa ya telefoni yenyewe, nayo humulika kitu usoni: madini yang'aa meupe, na michoro yote yafutika. Tazama Medali ya Muujiza, ile iliyoanza kutengenezwa Paris mwaka 1832. Nyuma ina herufi M, msalaba, mioyo miwili na nyota kumi na mbili. Nyota hizo zataka mwanga utokao ubavuni, tena chini kidogo, ili kila moja itupe kivuli chake.

Kwa hiyo asubuhi naweka meza karibu na dirisha lisiloingiza jua kali, nami natundika kitambaa cheupe chepesi dirishani. Upande wa pili nasimamisha karatasi nyeupe ya daftari, irudishe mwanga penye giza. Taa ya chumbani sharti izimwe, kwani mwanga wake na ule wa mchana hauna rangi moja, na picha hutoka na madoa ya manjano.

Jambo moja husahauliwa: madini yang'aayo ni kama kioo, huonyesha kilicho mbele yake. Ukivaa shati jekundu, pete nayo yawa nyekundu. Dawa yake ni karatasi nyeupe iliyotobolewa tundu dogo, jicho la telefoni lichungulie humo.

Mkono hutetemeka hata wa kijana. Nalaza telefoni juu ya vitabu vilivyopangwa safu mbili, kitu kikiwa katikati chini yake, nami naiamuru ingoje sekunde kadhaa kabla ya kupiga. Kukaribia mno hakufai, picha hupata ukungu. Afadhali kusogea nyuma kidogo, kisha kukata kingo za picha. Na tafadhali, msisugue sarafu kwa majivu wala kwa ndimu! Watu husema wanaisafisha, kumbe wanaila.

Babu alituachia sarafu ya falanga mbili ya Kongo ya Wabelgiji, ya mwaka 1943, yenye pembe sita na sanamu ya tembo. Kwa macho yangu naona tembo tu. Katika picha iliyopigwa hivi naona mkonga, sikio, na mahali palipolika kwa vidole vya watu.

Picha isikae katika telefoni moja, kwa kuwa telefoni nayo huporwa njiani. Mimi huzituma kwa ndugu walio mbali, pamoja na jina la mwenye kitu na la aliyempa.

Mama mmoja mjane, jirani yangu, aliniletea pete ya ndoa ya mumewe. Tuliipiga picha, tukampelekea mwanawe aliye kambini Nakivale, nchi ya Uganda. Kijana alijibu jioni ile ile, akiuliza kama mkwaruzo ule wa pembeni ndio wa siku baba alipokuwa akipasua kuni. Mama aliitwaa pete, akaigeuza dirishani, akautafuta.