Niliposema Sindano Zimeniponya Mgongo

Kama umenifuata kitambo, unaikumbuka ile video. Nimelala kifudifudi, mgongo wazi, sindano kumi na mbili zimesimama kama mahindi yaliyoota juzi, na mimi nachekea kamera. Siku tatu baadaye nikaweka nyingine, nainuka kitini bila kushika meza. Nikaandika: "Nimepona." Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Leo naizungumzia kwa sababu kuna mtu aliiamini.

Stori ilianza na mahindi. Nilipoacha chuo nilirudi Kitale kwa mathe, na kwetu ukiwa kijana na huna lekcha ya kuenda, msimu wa kuvuna wewe ndiye pikap. Gunia la kilo 90 nikaliinua vibaya, kitu kikashika hapo chini ya mgongo, nikabaki nimepinda. Kuvaa soksi ikawa kazi ya nusu saa. Kukhu alitaka nichanjwe kwa wembe dawa isuguliwe hapo, kama wajomba zangu. Mathe akasema hapana, nimeze panado nitulie. Siku ya tano, maumivu yakiwa juu kabisa, nikaenda kwa mama mmoja mjini anayefanya akupancha, ile tiba ya sindano ya Wachina.

Alikuwa mpole. Sindano alizifungua mpya mbele yangu. Si kama za hospitali, ni nyembamba karibu kama unywele na hazina dawa ndani. Nilihisi uzito fulani, halafu nikasinzia. Nilitoka nikiwa nimenyooka kidogo. Kwa hivyo sikudanganya mtu, nafuu niliisikia.

Kile sikuwa najua ni kwamba maumivu mapya ya mgongo, yale ya siku chache au wiki mbili tatu, mara nyingi huisha yenyewe, ufanye kitu au usifanye. Chama cha madaktari wa Marekani, ACP, kilisema hivyo kwa mwongozo wake wa 2017, kisha kikataja vitu vya kujaribu kabla ya dawa: joto, kukandwa, akupancha. Ukisoma vizuri, ushahidi wa joto waliuita wa kiwango cha kati. Wa akupancha, wa chini. Na mwaka wa 2016, NICE ya Uingereza ilikuwa imewaambia madaktari wake wasiwape watu akupancha kwa maumivu ya chini ya mgongo.

Mbona watu wamesoma hivyo na hawaelewani? Sababu moja kubwa ni sindano bandia. Watafiti huchukua wagonjwa, wengine wanadungwa penye panafaa, wengine wanadungwa mahali popote tu, au kwa kisindano ambacho hakipenyi ngozi, na mgonjwa haambiwi yuko kundi gani. Mara nyingi tofauti kati yao hutoka ndogo. Labda kulala chini nusu saa mtu akikuhudumia polepole ni dawa pia. Siwezi kukataa, mimi nilisinzia.

Lakini angalia kalenda yangu. Nimedungwa siku ya tano, nimepona siku ya nane. Pengine ningepona siku hiyo hiyo nikiwa kwa kochi na chupa ya maji moto. Video haiwezi kukuonyesha huyo mimi mwingine.

Khocha wangu ako upande wa Chwele, Bungoma. Alinipigia baada ya kuiona. "Omwiwana, hizo sindano ni pesa ngapi?" Nikamtajia. Akasema ngoja ajipange. Nikasahau. Wiki sita zikapita, akanipigia tena: ameuza kuku, pesa iko. Nikapanda matatu nikapitia Kimilili kumchukua, na kamera kwa begi. Nisiwadanganye, kichwani nilikuwa nawaza kontenti tu.

Nilimkuta shati limemkalia kama la mtu mwingine. Tulipokuwa tunakunywa chai nikaona anauvuta mguu mmoja. Nikauliza. Akasema umekuwa ukifa ganzi. Homa ya usiku pia, analowa jasho hadi anabadilisha shuka.

"Khocha, mbona hukuniambia ya mguu?"

"Hukuuliza. Na kwa video ulisema tu mgongo."

Hatukuenda Kitale. Tulienda hospitali Bungoma mjini, na baada ya picha na vipimo wakasema ni TB ya uti wa mgongo. Mimi sikujua TB inaweza kukaa kwa mfupa. Dawa katika hospitali za serikali ni za bure, na za mfupa ni mwaka mzima. Daktari akaniambia mgongo ukiuma na mguu ufe ganzi, au ukonde, au mkojo ukatae kutii, hiyo si ya kungoja. Kisha akamuuliza Khocha mbona alichelewa hivyo. Khocha akaangalia dirisha. Hakunitaja.

Ile video bado iko, ila nimetoa neno "nimepona" na nimeandika juu yake yote haya, kwa ufupi. Watazamaji wamepungua.

Majuzi amenipigia. Amenenepa kidogo, mguu unarudi, lakini asubuhi mgongo bado umekauka, na anauliza kama sasa anaweza kuenda kwa yule mama wa sindano, hata ikiwa ni ya kusinzia tu. Nikamwambia tuulize daktari siku ya kliniki. Akasema sawa, lakini kamera niiache Kitale.