Tulicheka Upesi: Safari ya Kutoka Soweto Hata Old Moshi

Mwezi huu twawaletea habari za safari fupi, ambayo mtu mwenye nguvu huimaliza kwa asubuhi moja. Lakini sisi ilitufundisha neno ambalo ilitupasa kulijua tangu zamani.

Soweto ni mtaa wa mji wa Moshi, huku chini penye joto. Nyumba zake zimesongamana, na wengi wa wakaao humo wana kihamba cha wazee wao huko juu mlimani. Kwa hiyo hadithi za mlimani zimeshuka pamoja nao. Umeme ukikatika usiku, watoto hujikusanya karibu na bibi, naye huwasimulia habari za warimu, yaani roho za wazee waliokufa, ambao husemwa kwamba hurudi nyumbani kudai haki yao.

Jioni moja, katika darasa letu, mzee mmoja aliyekuwa akikaa kwa binti yake alisimama akauliza, "Mwalimu, warimu wako au hawako?" Tukamjibu upesi, "Hawako, mzee. Hizo ni hadithi za kutishia watoto." Vijana wakacheka, na sisi, twakiri, tukacheka pamoja nao. Mzee akaketi kimya. Juma lililofuata hakuja, wala la pili. Hata binti yake akatuambia, "Baba amerudi kwake Old Moshi. Amesema hatasoma tena mahali ambapo wafu wake huchekwa."

Neno hili likatuchoma moyo. Basi siku ya Jumamosi tukaondoka alfajiri, tukiwa na kijana mmoja mwalimu wa shule, mwenyeji wa huko. Tukapita Kiboriloni, sokoni, tukaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Polepole mashamba ya mahindi yakabaki nyuma, tukaingia katika migomba na mibuni, na mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu ikawa yatiririka kando ya njia. Mawingu yakafunguka, tukaiona Kibo, nyeupe kileleni, na Mawenzi upande wa mashariki, imekatika-katika kama jino bovu.

Yule kijana akatuambia jinsi wazee wasimuliavyo. Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akarudi mara ya pili na ya tatu, akidai kwamba makaa yamezimika. Kibo akakasirika, akashika mchi akampiga, na ndiyo sababu Mawenzi amevunjika-vunjika hata leo. Tena akatusimulia habari za Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa wakaao juu mlimani. Husemwa kwamba hawalali chini, bali huegemea ukuta, kwa maana mmoja wao akianguka hawezi kuinuka kwa uzito wa kichwa chake. Kwa hiyo kila mmoja huchukua pembe kiunoni, ili aanguke, apige, wenzake waje kumwinua. Tukacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha furaha, kwa kuwa hakikumwumiza mtu.

Lakini tulipokuwa tukipanda tukakumbuka hadithi nyingine isiyochekesha. Wenyeji walimsimulia Johannes Rebmann kwamba mangi mmoja wa Machame aliwatuma watu wapande mlimani wakachukue kile cheupe, wakidhani ni fedha. Wengi walikufa, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu imeharibika. Watu wakasema ni kazi ya pepo wabaya. Rebmann mwenyewe aliiona theluji ile tarehe 11 Mei 1848, akaelewa kwamba aliyewaua ni baridi. Alipoandika habari hiyo, bingwa mmoja wa jiografia kule London, William Desborough Cooley, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, ingawa mwenyewe hakupata kuuona mlima. Akashikilia ubishi wake miaka mingi.

Wasomaji wetu, lipimeni jambo hili. Watu wa Machame walikutana na kitu cha kweli, wakakosea jina lake. Yule bingwa wa London hakukutana na kitu chochote, akakikana. Ni yupi aliyekuwa mbali zaidi na kweli? Hapo tukaanza kuona aibu, kwa maana sisi nasi tulimjibu mzee kama mtu asiyepata kuuona mlima.

Tukamkuta ameketi chini ya mgomba. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mwalimu. Umepanda mbali." Tukamwomba radhi. Hakujibu neno, bali aliagiza tuletewe kiburu, tukala. Kisha akashika mkongojo akasema, "Njooni."

Akatupeleka hata kwenye mti ambao wenyeji huonyesha kuwa ndipo Mangi Meli aliponyongwa na Wajerumani, tarehe 2 Machi 1900. Siku ile walinyongwa viongozi 19 wa Wachagga na Wameru. Watu husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2019 sanamu yake ilisimamishwa hapo karibu na mti, lakini kichwa hakikurudi.

Mzee akasema, "Zamani sisi mtu alizikwa nyumbani. Baada ya miaka, fuvu lake lilifukuliwa, likawekwa kihambani penye masale, karibu na watoto wake. Wewe wanifundisha kwamba wafu hupumzika. Vema. Na huyu ambaye kichwa chake kimewekwa kabatini, nchi ya mbali, chenye namba, yeye amepumzika? Nikisema warimu wanalia, ndilo jambo nisemalo."

Tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu la kumpa. Kwa kuwa maneno ya mzee si ndoto tupu. Mwaka 2023 wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, mafuvu matatu yaliyochukuliwa Kilimanjaro yameonekana kuwa na jamaa zao walio hai. La Meli halikutambuliwa miongoni mwao. Mafuvu yale yalikaa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja, na huku mlimani bibi waliendelea kusimulia juu ya wafu wasiopumzika. Ni nani aliyekuwa akisema uongo?

Mwisho tukamwambia, "Mzee, hatusemi kwamba wafu hutembea usiku. Tena hatutaki mtu yeyote amwogope jirani yake, wala amtuhumu, kwa sababu ya ndoto. Lakini deni ulilolisema ni la kweli, nasi tulikosa tulipolicheka. Mungu aliyewaumba hao hakusahau mahali ilipo mifupa yao." Akatutazama kitambo, akasema, "Hayo naweza kuyasikiliza." Hakuahidi kurudi Soweto. Alisema tu kwamba tukipanda tena, tusije mikono mitupu, tumletee sukari.

Ninyi walimu, na ninyi wazazi, mtoto akija kwenu usiku akitetemeka kwa hadithi ya mizimu, msimtie hofu zaidi, wala msimcheke. Mwulizeni kwanza: ni nani aliyekufa katika hadithi hiyo, alikufaje, na alizikwa na nani? Mara nyingi mtakuta chini yake baridi iliyoua watu, au njaa, au dhuluma ambayo haikusemwa mbele ya baraza lolote. Hofu mwiondoe, bali huzuni iliyo ndani yake ishikeni kwa heshima.

Nasi mwezi ujao, Mungu akipenda, tutapanda tena. Sukari tumekwisha kuinunua.