Kilo 18

Garrard 301 ilitengenezwa Swindon, Uingereza, kuanzia miaka ya 1950, na kawaida iliuzwa uchi: mota, sahani, fremu ya alumini, basi. Kitako ulijitafutia. Yangu niliachiwa na anko, aliyeinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama Nanyuki. Kitako chake mchwa wa Isiolo walishakimaliza zamani. Walibakiza skrubu.

Kwa hivyo miezi miwili sasa nawaza mbao na mawe kuliko nilivyowahi kuwazia mtihani wowote.

Shida iko kwenye mwendo wa mashine yenyewe. Mota inazungusha gurudumu la mpira, na gurudumu linasukuma ukingo wa ndani wa sahani. Nguvu iko, ndiyo maana wapenzi wake hawasikii la mtu. Lakini mtetemo wa mota nao unatafuta njia ya kufika kwenye sindano, na sindano haitofautishi gitaa la Les Wanyika na mngurumo wa mota. Kwake vyote ni mtikisiko tu. Kitako kizito ni kigumu kutikiswa, na hapo ndipo watu hukimbilia mawe.

Nikapiga hesabu. Graniti ya kaunta za jikoni, unene wa sentimita 2, kipande cha sentimita 60 kwa 45, ni karibu kilo 15. Vipande vitatu ni kilo 44, unakaribia mfuko wa saruji. Mbao za unene huohuo ni kama kilo 10. Na ukiwa mtu wa mji wenye mtaa unaoitwa Kula Mawe, jiwe linaonekana jibu la kuzaliwa nalo.

Ila gonga graniti na kifundo cha kidole, usikilize. Inalia. Mbao inameza mtetemo, inanyamaza haraka. Uzito ni kitu kimoja, kunyamaza ni kingine.

Halafu kuna malori. Keja yangu iko hatua chache kutoka barabara ya Moyale. Lori likipita usiku, vikombe vinaongea. Meza ikitikisika, kilo 44 zinatikisika nayo. Afadhali rafu ya chuma ukutani. Fundi wa kuchomelea aliangalia hesabu yangu akasema rafu atatengeneza, ukuta ndio hana imani nao.

Mama alipoona michoro hakuuliza mambo ya sauti. "Sasa ukirudi chuo, hilo jiwe utalibeba?"

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Mama huwa hasemi niliacha, husema nilipumzika. Kwa miaka miwili hakuna aliyesahihisha mwenzake. Kitako cha kilo 44 kingekuwa jibu, na sikutaka jiwe limjibu mama kwa niaba yangu. Nilimwambia mwenyewe, jikoni, kwamba sirudi. Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akauliza kama haya maandishi yanalipa kodi ya nyumba. Miezi mingine, nikasema.

Nimeamua hivi: plaiwudi tatu za milimita 18, zilizopakwa dawa ya mchwa, chini yake kipande kimoja cha graniti, na silikoni katikati ili jiwe lisipate nafasi ya kulia. Shimo likishatobolewa, itabaki kama kilo 18. Ukuta utaweza.

Fundi anakata Jumamosi. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika na vipimo, maana graniti haishonwi.