Miwani Moja, Watoto 46

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu, maana kuna jambo la ile siku ya miwani ambalo nimelinyamazia.

Mnakumbuka: mwanafunzi wa zamani anayesoma Lubumbashi alituletea miwani ya karatasi ngumu yenye vioo viwili, na ndani yake mtu anatia telefone. Kwa Kifaransa jambo hili linaitwa riyalite virtuele. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanasema uhalisia pepe. Telefone inaonyesha picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho na yake, na akili inaziunga kuwa kitu kimoja. Ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Kampuni ya Google ilionyesha miwani yake ya karatasi mwaka 2014. Mwaka 2017 ilitoka hata filamu ya namna hii juu ya walinzi wa Mbuga ya Garamba, hapa hapa Kongo yetu. (Mimi Garamba sijafika. Watu wa Marekani wamefika wakiwa wamekaa kwenye kiti.)

Siku ile somo lilikuwa moyo wa mtu. Kilasi ya nane, watoto 46, miwani moja. Mimi kama doyeni nilipewa orodha na saa: kila mtu dakika mbili.

Basi nikajiweka wa kwanza, eti kujaribu kama inafanya kazi. Mmoja alipiga kelele, mwingine alinyoosha mkono ashike ukuta wa moyo, akamgonga jirani yake puani. Katikati ya orodha nilitazama tena, na hiyo mara ya pili sikuhesabu dakika. Walipobaki wanne telefone ikazimika, na umeme haukuwepo. Nikawaambia: "Bateri imekwisha, si kosa la mtu." Hapo nilisema uwongo.

Kesho yake mmoja wa wale wanne, mdogo kabisa, alinifuata kwenye bomba. "Yaya, mimi sikuona kitu. Unielezee basi, ile moyo iko namna gani mu ndani?"

Nikafungua kinywa. Niliona wekundu, niliona milango inafunguka na kufungwa, niliona damu inapita kama Lukuga wakati wa mvua. Lakini inatoka wapi, inakwenda wapi? Nilizunguka ndani ya moyo mara mbili, na sikuweza kumwambia mtoto chumba kipi kinapeleka damu mapafuni. Na hii ni kitu wanaweza kutuuliza mu Eksetati!

Akacheka. Mama yake anauza samaki kando ya ziwa. Jioni akaniita, akapasua sangala, akanionyesha moyo mdogo karibu na mashavu anapopumulia samaki. "Hii iko na vyumba viwili tu. Ya mtu ine, mwalimu alisema." Tukafungua daftari lake. Kwa samaki damu inatoka moyoni, inapita mashavuni, kisha inakwenda moja kwa moja mwilini. Kwetu sisi inarudi kwanza moyoni kutoka mapafuni, ndipo inasukumwa tena kwenda mwilini. Hapo ndipo niliitamani ile miwani kwa kweli, maana sasa nilijua nitafute nini.

Sisemi miwani ni mbaya. Google ilikuwa na programu ya mashule, jina lake Expeditions, iliyofungwa mwaka 2021. Mwalimu alishika tablete yake, akaweka alama penye kitu, na wanafunzi wote wakaonyeshwa pa kutazama. Sisi hatukuwa na alama wala mwalimu kando. Tulikuwa na mimi na saa.

Wale wanne nimewaomba radhi mbele ya wenzao, na Bwana Prefe nimemwambia yote. Ndugu wa Lubumbashi ameahidi kurudi wakati wa Pasaka. Safari hii mwalimu wa biyolojia ataandika maswali ubaoni kwanza. Orodha mpya imebandikwa mlangoni pa kilasi ya nane: wale wanne wako juu, na jina langu halimo.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kalemie